Shamba la Mjomba Limo Ndooni Mwangu

Juzi maji yalitoka saa nane usiku. Kama unaishi Dar es Salaam unaijua saa hiyo. Bomba linakohoa mara mbili, linapiga chafya, unaruka kitandani, unajigonga kidole kwenye stuli, unakimbilia ndoo. Nilikinga ndoo sita na beseni la kufulia. Nikarudi kulala kama mtu aliyeshinda vita.

Asubuhi nikafunua. Chini ya kila ndoo palikuwa pametulia utando mwekundu, laini, mwembamba. Nikauchota kwa kidole, nikausugua. Naujua udongo ule. Nimeulima nikiwa mtoto, umekaa kwenye kucha zangu, umenipaka miguu nikienda shule. Ni udongo wa Uluguru. Ni shamba la mjomba.

Mtaalamu wa maji ataniita mshamba. Atasema maji yakitoka mtamboni ni safi, na wekundu huo umeingilia kwenye bomba lililopasuka hapo mtaani kwetu. Haya, na iwe hivyo. Lakini naye aniambie: masika, Mto Ruvu unapogeuka rangi ya chai ya maziwa, kule mtamboni wanachuja nini? Shabu yote ile wanayomwaga inagandisha nini? Pampu zinasagwa na nini?

Na nani analipia?

Unalipa wewe. Ninalipa mimi. Tunalipa, tunalala, tunaamka usiku kukinga, tunalipa tena.

Na hatuulizi kitu.

Kulalamika tunajua, hilo sibishi. Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua tukatangaziwa mgawo. Mji mzima ukalia. Boza likawa linasubiriwa kama mgeni wa heshima, dumu likapanda bei, watu wakaoga kwa kikombe. Tukamlaumu waziri, tukailaumu mamlaka, tukailaumu mvua. Kisha mvua ikanyesha, na sisi tukanyamaza. Nani kati yetu aligeuza shingo akautazama mlima?

Umelala, mwenzangu. Nami nililala pembeni yako, tukigombea shuka.

Mjomba wangu anaishi upande wa Matombo, kwenye mteremko ambao ukidondosha boga asubuhi unalifuata mtoni. Analima mahindi, mihogo, migomba michache, na mpunga wa mlimani mwaka ambao mvua imekubali. Shamba lake ni la ukoo wa mama, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na ndiyo maana ninapoliita letu sijipendekezi.

Miaka mingi iliyopita mradi ulifika kijijini kwake. Sitautaja jina, maana miradi iliyopita kule ni mingi na yote ilifanana: gari jeupe, kofia, fulana, bango barabarani. Lakini wataalamu wale walijua kazi. Walikuja na fito tatu zilizofungwa kama herufi A, kamba yenye jiwe ikining'inia katikati, wakawafundisha watu kupima mteremko. Wakachimba makinga maji kwa mtindo wa fanya juu, udongo wa mtaro ukitupwa upande wa mlimani. Wakapanda majani ya Guatemala kwenye kingo. Mjomba anasema masika ya tatu maji ya mtaroni yalikuwa meupe. Aliyaonyesha watoto.

Kisha gari jeupe likaondoka.

Masika iliyofuata kinga moja ilipasuka. Kuiziba kulitaka watu watano kwa siku mbili, na watu watano wanataka kula. Mwaka uliofuata zikapasuka tatu. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimia nikamuuliza, mjomba, yale makinga maji yako wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu.

“Mradi umekwisha, mpwa wangu.”

Bango lipo bado. Limekuwa mlango wa banda la kuku.

Mradi umekwisha! Nimeyasikia maneno hayo Morogoro, nimeyasikia Dodoma, nimeyasikia Lushoto. Mradi umekwisha. Mvua nayo imekwisha? Mteremko umekwisha? Maji yamesaini hati ya makabidhiano kwamba kuanzia Julai hayatateremka tena? Udongo hauijui awamu ya kwanza wala ya pili. Udongo unajua kinga ipo au haipo.

Na usidhani balaa hili ni la jana. Mkoloni naye aliuona mmomonyoko, maana macho alikuwa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao, watake wasitake. Waliozaliwa juu ya mlima ule hakuna aliyewauliza. Udongo wa juu kule ni mwembamba. Ukichonga ngazi unaufukia wenye rutuba na kufukua ule wa chini usiootesha hata magugu. Mtu anatoka jasho ili avune kidogo kuliko jana! Julai 1955, pale Matombo, watu walisema basi. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wote ukafuata kaburini. Bibi yangu alikuwa akitaja neno “matuta” kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Usambara nako, kule Mlalo, Washambaa walilazimishwa na wakakataa.

Ukaja uhuru. Fimbo ikawekwa chini, ikaletwa bahasha. Mwaka 1973 ikaanza HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa fedha za Sweden. Kondoa ilikuwa imechanika makorongo ya kutisha. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200, na majani yakarudi. Mwaka 1986 ikaja HASHI Shinyanga, ikaungwa mkono na Norway. Lushoto wakaja Wajerumani. Iringa ikaja HIMA, kwa fedha za Denmark.

Sweden. Norway. Ujerumani. Denmark. Hesabu mwenyewe. Udongo wa Kondoa ulikuwa ukimsubiri mlipakodi wa Stockholm apokee mshahara!

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe siku ya kwanza, tukamkabidhi na pochi ya nyumba, halafu tukakaa kivulini kumtazama akilima. Alipochoka akaenda kwao, nasi tukashangaa shamba limeota majani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata ndugu hakuwa.

Siwadharau waliokuja. Walifanya kazi, na mengine yao yamedumu. Shinyanga ngitili zilizokuwa mamia ya hekta zikapanuka zikapita hekta laki tatu. Lakini jiulize kwa nini Shinyanga. Kwa sababu ngitili haikuletwa na mradi. Wasukuma walikuwa nayo tangu enzi, kile kipande cha malisho kinachofungwa masika ili kiangazi ng'ombe wasife. Mradi uliikuta ikizimia, ukaipa maji. Nenda Mbinga ukaone ngoro za Wamatengo, vile vishimo vinavyopangwa mlimani kama sega la nyuki, maji yanaingia, yanatulia, yanazama polepole. Vina umri unaopita wa shirika lolote. Wamatengo hawakuhudhuria warsha.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mkulima wa Kiafrika hajui kutunza udongo. Nimechoka na wimbo huo. Umeimbwa na mkoloni, ukaimbwa na mtaalamu, na sasa unaimbwa na wewe ukiwa kwenye kiti chako Sinza: “Wakulima wa milimani ni waharibifu wa vyanzo vya maji.”

Njoo tupige hesabu ya mjomba.

Kinga maji inakula ardhi. Mtaro wenyewe, tuta lenyewe, ukingo wa majani, vyote vinakalia mahali palipokuwa na mahindi. Mwaka wa kwanza mavuno yanashuka, maana udongo mbichi umefukuliwa. Wa pili yanasitasita. Faida inaanza kuonekana wa tatu, kama kinga imetunzwa. Mjomba atakula nini hiyo miaka miwili? Ahadi? Na faida yenyewe ikija, sehemu ni yake, lakini sehemu kubwa inateremka na maji hadi Mlandizi na Bagamoyo, inaingia mtamboni, inatokea jikoni kwako. Yeye anachimba, wewe unakunywa. Jasho la Matombo, glasi ya Masaki.

Hapo sijagusa yule asiye na shamba la ukoo, anayelima kwa kukodi. Huyo unamwambia apande karafuu, apande mdalasini, mizizi ishike mlima. Ushauri mzuri, viungo vya Uluguru vina soko. Lakini mwenye ardhi atamwambia: ukipanda mti umeniibia shamba, maana mti ni hati. Basi anapanda mahindi, anavuna, anahama. Na udongo unahama naye, ila unaelekea upande mwingine.

Kisha juu ya yote hayo tunampelekea sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Kwenye karatasi inapendeza. Kule vijito vimetapakaa kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Pima mita 60 huku, pima 60 kule, mjomba anabaki na mgongo wa mlima na mawe. Fidia? Hakuna aliyeitaja. Maji yake tunayataka. Yeye hatumtaki.

Na cha kuudhi zaidi, dawa tulishaionja.

Hapohapo Uluguru, Kibungo Juu, kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima kwa kutunza maji. Wanunuzi wakapatikana mjini: DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar es Salaam ya wakati ule, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Mlimani wapo wauzaji, mjini wapo wanunuzi. Mkulima alichimba makinga maji, akapanda miti na majani, shamba likapimwa, akalipwa. Aliyekuwa na kipande kidogo alipata kidogo, kidogo kweli, na watu walinung'unika. Vijiji vilikuwa vichache, na fedha za kuuendesha mpango wenyewe zilikuwa bado za wafadhili. Kasoro ninazijua. Lakini elewa kilichotokea pale, msomaji: mji ulikiri kwamba unadaiwa na mlima. Ulikiri kwa maandishi, ukatoa na pesa.

Tukafanya nini na ungamo hilo? Tukaliacha liwe mradi. Na mradi, unajua mwenyewe, ukakwisha. DAWASCO nayo ikaunganishwa na mamlaka ya maji, DAWASA, mwaka 2018. Ofisi zilihama, madeni ya wateja yalihama, bili yako ilihama bila kupotea njia. Deni la mlima ndilo lililopotea njiani.

Ichukue bili yako ya mwezi uliopita. Isome mstari kwa mstari. Mlima umo?

Majirani zetu wa Nairobi hawana vichwa viwili. Karibu maji yao yote yanatoka bonde la juu la Mto Tana, kwa wakulima wa chai, kahawa na mboga wenye vishamba kama vya mjomba. Machi 2015 walizindua mfuko wa maji, kampuni ya maji ya jiji ikiwamo, wazalishaji umeme wa KenGen wakiwamo, wenye viwanda vya vinywaji wakiwamo. Walipiga hesabu kwanza, kama watu wenye duka: dola milioni 10 zikiwekwa mlimani kwa miaka 10, zitarudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30, kwa tope kupungua mabwawani na mitamboni na mavuno kuongezeka mashambani. Quito, mji mkuu wa Ecuador, walitangulia tangu 2000. Kule kampuni ya maji ya jiji inatoa asilimia 2 ya mapato yake ya maji kwenda kwenye mfuko wa kutunza milima. Waziri abadilike, mfadhili aondoke, asilimia 2 iko palepale. Hawaombi mtu. Ni mstari kwenye hesabu, kama mshahara wa mlinzi.

Sisi tunashindwa na nini? Usiniambie pesa. Nitakuonyesha pesa.

Kila lita ya petroli na dizeli nchini inakatwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji. Huna gari? Umelipa kwenye daladala, umelipa kwenye nauli ya bodaboda, umelipa kwenye nyanya iliyoletwa na lori. Na sheria ya 2019 inayousimamia mfuko huo haikutaja huduma ya maji pekee, imetaja na kutunza maeneo ya vidakio vya maji. Imeandikwa! Sasa basi, kati ya zile shilingi 50, ni ngapi zinapanda mlima na ngapi zinaishia kwenye bomba na tangi? Bomba ni muhimu, nami nalitaka. Ila bomba lisilo na mlima ni filimbi.

Muulize mbunge wako. Muulize mwezi huu, usimngojee kwenye kampeni, maana huko atakujibu kwa kanga.

Kuna pesa nyingine, na hii inanichoma kuliko zote. Ushuru wa mazao. Lori la magunia likiteremka mlimani linakutana na kizuizi cha halmashauri: asilimia 3 kwa mazao ya biashara, 2 kwa ya chakula. Gunia la mwaka huu, gunia la mwaka ujao, tangu baba zetu. Kilichomo ndani ya gunia ni nini? Ni rutuba ya mlima iliyovaa umbo la maharage. Halmashauri inaikata, inaweka mfukoni, inatengeneza kizuizi kingine. Ng'ombe gani huyu anayekamuliwa asubuhi na jioni na hakuna anayemkatia majani? Halmashauri hizohizo sheria imezibana zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zilipiga kelele, zikatenga. Kwa nini? Kwa sababu iliandikwa. Ya udongo haijaandikwa, kwa hiyo diwani wako atakapokuambia “bajeti haitoshi” mwambie bajeti haijawahi kutosha kitu chochote ambacho hakijaandikwa.

Au tazama mbolea. Mwaka wa fedha 2022/23 serikali ilitenga shilingi bilioni 150 za ruzuku ya mbolea. Wakulima walishukuru, na mimi nilishukuru. Lakini mfuko wa mbolea hiyo ukiupandisha kwa kichwa mpaka kwenye mteremko usio na kinga hata moja, mvua ya kwanza inaukomba. Rutuba yetu ya mabilioni inateremka kwenda kulisha magugu maji. Samaki wa Ruvu hawakujiandikisha kwenye daftari la ruzuku, jamani!

Sasa tunajenga Bwawa la Kidunda. Lita bilioni 190, zaidi ya shilingi bilioni 300, ndoto iliyozungumzwa tangu nchi ikiwa changa. Nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele maji yakijaa. Lakini bwawa ni sufuria tu. Ukiwa na sufuria mpya na mtoto anaitia mchanga kila siku, utamwambia mke wako anunue sufuria kubwa zaidi au utamshika mtoto mkono?

Waulize watu wa Morogoro mjini habari za Mindu. Bwawa la miaka ya 1980, linalishwa na vijito vinavyotoka Uluguru, na tope limelala ndani yake likiongezeka kila masika. Sasa mpango ni kuinua tuta lake, kwa fedha kutoka Ufaransa. Tope limekuwa na watoto na wajukuu, nasi tunalijengea ghorofa.

Haya, tushike kalamu, mimi na wewe.

Mtambo wa Ruvu Juu una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini, milioni 270. Jumla milioni 466, yaani uniti 466,000 kila kunapokucha. Tuongeze shilingi 20 kwa kila uniti. Ishirini! Sarafu ambayo leo ukiidondosha huinami. Ni shilingi milioni 9.3 kwa siku. Kwa mwaka, bilioni 3.4. Toa yanayovuja barabarani, toa ya wezi, toa ya wasiolipa na wakubwa zao, sema nusu yote imepotea. Inabaki bilioni 1.7. Ukimlipa mkulima mmoja shilingi laki moja kwa mwaka kwa kinga inayosimama, umewalipa wakulima 17,000. Mwaka huu. Na mwakani tena. Na mwaka wa kesho kutwa, Stockholm wakiwa na habari au hawana.

Nakusikia unaguna. “Maji yenyewe ghali, mwandishi naye anataka kuongeza!” Nyumba inayotumia uniti 15 kwa mwezi itaongezewa shilingi 300. Sasa nikuulize, mgawo ukija unanunua dumu kwa bei gani? Likiwa shilingi 500 tu, dumu la lita 20, uniti moja umeinunua kwa shilingi 25,000. Elfu ishirini na tano unampa mwenye mkokoteni bila kunung'unika, unamshukuru na kumwita kaka. Ishirini za mlima ndizo zinazokuvunja mgongo?

Hofu yako ya pili naiheshimu, maana ni yangu pia. Nchi yangu naijua. Mfuko ukianzishwa Jumatatu, Jumanne umenunua gari, Jumatano umefanya warsha hotelini, Alhamisi umeunda kamati ya kuchunguza matumizi ya Jumanne. Kwa hiyo sitaki pesa hizi zikae kwenye jengo lenye kiyoyozi. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipo. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 imetambua jumuiya za watumia maji, watu wa kijito kimoja wanaojuana kwa majina na kwa tabia. Hao ndio wakague. Na malipo yawe baada ya masika. Kinga imesimama, umelipwa; imepasuka na hukuiziba, subiri mwakani. Hesabu ya kila kijiji ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtendaji, majina na shilingi, wenye macho wasome, na aliyelipwa kwa kinga hewa azomewe sokoni.

Anayekodi shamba naye aingie: mkataba wa miaka mitano ushuhudiwe na serikali ya kijiji na wazee wa ukoo, useme wazi kwamba mti atakaoupanda hauhamishi ardhi. Wazee wa Kiluguru si wagumu kiasi hicho. Hawajaitwa tu.

Udongo uwahi ungali maji, walisema wafinyanzi wa zamani. Wetu unakaribia kukauka mkononi, na sisi bado tunabishana nani alete chungu.

Basi mwezi uliopita nilimtumia mjomba shilingi elfu thelathini kwa simu. Hazikupita dakika mbili akanipigia, sauti ina wasiwasi.

“Kuna msiba?”

“Hapana, mjomba. Hiyo ni bili yangu ya maji.”

Kimya. Nikasikia kuku wake. Kisha akacheka kicheko kirefu, mpaka akakohoa. Akasema atamwita kijana mmoja waifukue ile kinga ya juu kabisa, maana ndiyo ikipasuka inazivunja zote za chini, na majani ya Guatemala atayaomba kwa jirani. Halafu akauliza, hivi huko mjini kwenu mko watu wangapi?

Nikamwambia, kwa sensa ya 2022, zaidi ya milioni tano.

“Aa,” akasema. “Na wenzako wanatuma lini?”